Nani ashike ufunguo wa nyumba tupu za Birmingham?

Maelfu ya familia nchini Uingereza zinaishi hotelini na katika vyumba vya muda, huku nyumba zaidi ya laki mbili na nusu zikiwa zimefungwa bila mtu ndani. Mjini Birmingham majirani wameonyesha zaidi ya mara moja kwamba nyumba iliyoachwa inaweza kukaliwa tena na watu wa kipato cha chini. Kinachowakwamisha si ufundi.

Msomaji aliyewahi kuishi Birmingham anaijua nyumba hii hata kabla ya kuelezwa. Iko katikati ya safu ya nyumba za matofali mekundu zilizojengwa enzi za Malkia Victoria, kila moja ikiegemea ukuta wa mwenzake. Kushoto kuna mapazia safi na baiskeli ya mtoto. Kulia kuna harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Hii ya katikati madirisha yake yamepigwa mbao, barua zimejaa nyuma ya mlango, na juu kwenye mfereji wa paa umeota mti mdogo.

Mti huo ndio wa kuogopwa. Mfereji ukiziba, maji ya mvua hayafuati bomba, yanateremka ukutani. Ukuta ukilowa miaka miwili au mitatu, plasta inabambuka, mbao za sakafu zinaoza, na ukungu unavuka hadi chumbani kwa jirani asiye na hatia wala ufunguo. Kisha huja wezi wa mabomba ya shaba, na wakiyakata maji yanafurika. Nyumba iliyohitaji fundi mmoja kwa siku mbili juu ya paa sasa inahitaji paa zima.

Kwa mujibu wa takwimu za serikali, Oktoba 2024 England ilikuwa na nyumba zaidi ya 265,000 zilizokuwa tupu kwa zaidi ya miezi sita. Mwaka huohuo kaya zaidi ya 120,000 zilikuwa katika makazi ya muda yanayolipiwa na halmashauri, nyingi zikiwa na watoto. Birmingham, jiji la watu zaidi ya milioni 1.1 katika sensa ya 2021, ina sehemu yake katika hesabu zote mbili: nyumba tupu kwa maelfu, na kaya zaidi ya 20,000 zilizoandikishwa kusubiri nyumba ya halmashauri au ya mashirika ya nyumba.

Mtu atauliza, basi si wapelekwe tu wenye shida kwenye nyumba zisizo na watu? Swali hilo huulizwa sana na wageni, hasa wanaotoka kwetu ambako nyumba haikai bure. Jibu lake ni refu kidogo.

Kwa nini nyumba ikae bure

Nyumba nyingi tupu si za matajiri wanaosubiri bei ipande, ingawa hao wapo. Nyingine zina historia ya kawaida tu. Mzee amefariki, watoto wamegombana, mirathi haijafunguliwa. Bibi amehamishiwa kituo cha kutunza wazee na hakuna aliyethubutu kuuza vitu vyake. Mwenye nyumba alianza ukarabati, fedha zikamwishia na jiko limeshang'olewa. Na wapo waliohama nchi na hawajibu barua.

Sheria ya Uingereza humlinda sana mwenye mali, hata asiyeonekana. Sheria ya Nyumba ya 2004 iliipa halmashauri uwezo wa kuomba amri ya kuisimamia nyumba tupu, kuitengeneza na kuipangisha kwa miaka isiyozidi saba, huku mwenyewe akibaki na hati yake. Amri hizo zilianza kutumika 2006, na mwanzoni nyumba iliyokaa tupu miezi sita tu iliweza kuguswa. Mwaka 2012 serikali ilirefusha muda huo kuwa miaka miwili na kuongeza sharti kwamba nyumba iwe imeleta kero mtaani. Matokeo yake, amri hizo zimetumika kwa nadra sana England nzima.

Ipo pia njia ya kununua kwa lazima, ambayo halmashauri ya Birmingham imeitumia kwa nyumba zilizoshindikana. Lakini ni safari ya barua, mawakili na mara nyingine wakaguzi wa serikali kuu, na mwisho wake nyumba hiyo mara nyingi huuzwa kwa mnada.

Fimbo nyingine ni kodi. Tangu Aprili 2024 halmashauri zinaruhusiwa kutoza kodi ya halmashauri mara mbili kwa nyumba iliyokaa tupu na bila samani kwa mwaka mmoja, na iliyofikisha miaka kumi inaweza kutozwa mara nne. Fimbo hiyo humwamsha mwenye nyumba aliyelala. Aliyefilisika humwongezea deni tu.

Neno la Kiswahili mjini Handsworth

Hapa ndipo historia ya Birmingham inapomgusa msomaji wa Kiswahili kwa namna asiyoitarajia. Katika miaka ya 1970, vijana weusi wa Handsworth, wengi wao watoto wa wahamiaji kutoka Karibi, walianzisha hosteli ya vijana wenzao waliokosa mahali pa kulala. Waliipa jina Harambee. Wito huo wa wapagazi na wavuta kamba wa pwani ulikuwa umefanywa na Jomo Kenyatta kuwa kaulimbiu ya Kenya huru mwaka 1963, ukaandikwa kwenye nembo ya taifa, na sasa ulikuwa umevuka bahari hadi kwenye mitaa ya matofali mekundu. Harambee ya Handsworth ilikua, na jina hilo baadaye likabebwa na shirika kamili la nyumba.

Haikuwa mapambo. Wazazi wa vijana wale walifika Birmingham miaka ya 1950 na 1960 kufanya kazi viwandani, kwenye mabasi na hospitalini. Halmashauri iliweka sharti kwamba mtu awe amekaa mjini miaka mitano kabla ya kufikiriwa kwa nyumba yake. Wenye nyumba binafsi waliwafungia milango, wengine wakibandika waziwazi matangazo ya kuwakataa. Zilizobaki ni nyumba kubwa chakavu za Sparkbrook, Balsall Heath na Handsworth, ambazo Waingereza wenye uwezo walikuwa wamezihama.

Wahamiaji walizinunua hizo. Benki hazikuwa tayari kuwakopesha, kwa hiyo Wajamaika walitumia mchezo wao wa fedha wanaouita pardner: kila mtu anatoa kiasi kila wiki, na zamu ikifika anachukua mkupuo wote. Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu haitaji kufafanuliwa zaidi. Kwetu ni upatu, ni mchezo, ni likelemba. Wapakistani walikusanya kwa ndugu na wanakijiji wenzao. Nyumba ikinunuliwa, vyumba vilipangishwa kwa waliofuata, na ukarabati ulifanywa jioni na Jumapili na watu waliotoka zamu kiwandani.

Wasomi John Rex na Robert Moore waliichunguza Sparkbrook katika miaka hiyo na kitabu chao kikatoka 1967. Waliona wazi kwamba jiji lilikuwa likiwalaumu wahamiaji kwa kujaza watu kwenye nyumba ambazo jiji lenyewe liliwasukuma wazinunue. Maoni ya mwandishi huyu ni kwamba hao ndio waliookoa sehemu kubwa ya nyumba za zamani za Birmingham, na hakuna aliyewaita wakarabati. Waliitwa tatizo.

Mwanamke wa 1925

Wengine walikuwa wametangulia. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, makumi ya maelfu ya familia za wafanyakazi wa Birmingham ziliishi katika nyumba zilizogeuziana migongo: chumba kimoja kila ghorofa, ukuta wa nyuma ni wa jirani, hakuna dirisha la upande huo, na uani vyoo na mahali pa kufulia ni vya wote. Ua mmoja wa aina hiyo umebaki, kwenye kona ya mitaa ya Hurst na Inge, ukakarabatiwa na kufunguliwa kama makumbusho mwaka 2004. Anayekujua Kariakoo ya zamani ataingia pale na kuelewa mara moja maisha ya ua, ingawa baridi hataizoea.

Aprili 1924 ulifanyika mjini Birmingham mkutano mkubwa wa Wakristo kuhusu siasa, uchumi na uraia, uliofupishwa kwa Kiingereza kuwa COPEC, chini ya uenyekiti wa Askofu William Temple. Mikutano ya aina hiyo huisha kwa maazimio. Safari hii baadhi ya wakazi wa Birmingham waliamua kununua nyumba. Mwaka 1925 walianzisha chama cha kuboresha nyumba kilichochukua jina la mkutano huo, na miongoni mwa waliokiongoza alikuwa Florence Barrow, mwanamke wa dhehebu la Marafiki, yaani Quaker. Wasomaji wa magharibi mwa Kenya wanawafahamu watu hao tangu misheni ya Kaimosi ya 1902.

Barrow hakuwa mgeni wa shida. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake alihudumia wakimbizi nje ya nchi. Chama chake kilinunua nyumba chakavu, kikazitengeneza na kuzipangisha kwa familia za kipato cha chini, kikiwatumia wanawake kama wasimamizi waliokusanya kodi na kusikiliza malalamiko ya mpangaji papo hapo mlangoni. Chama hicho kiliungana na vingine mara kadhaa, na urithi wake leo umo ndani ya shirika kubwa la nyumba la Midland Heart, lililoundwa 2006. Mwaka 1956 kikundi kingine cha wakazi kilianzisha shirika la nyumba la Friendship, yaani Urafiki, kuwasaidia waliofika kutoka nchi za Jumuiya ya Madola.

Halmashauri yenyewe iliwahi kuonyesha njia. Mwishoni mwa miaka ya 1970, ilipoona kwamba ruzuku kwa mwenye nyumba mmoja mmoja zinakwenda polepole, Birmingham ilibuni mpango wa kutengeneza safu nzima kwa mkupuo: paa, mifereji, madirisha, milango na kuta za nje za mtaa wote, kwa fedha za umma. Mantiki yake ni ile ya mti kwenye mfereji. Nyumba za safu huugua pamoja na hupona pamoja. Mpango huo ulipita Small Heath, Saltley na kwingineko, na nyumba nyingi zilizonusurika wakati huo bado zinakaliwa.

Perry Common yashika hati

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa kaskazini mwa jiji, Perry Common. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi waliambiwa kwamba mamia ya nyumba zao za halmashauri, zilizojengwa kwa zege kati ya vita viwili vya dunia, zilikuwa na kasoro za ujenzi. Habari kama hiyo kwa kawaida humaliza mtaa. Watu huhamishwa kila mmoja upande wake, madirisha yanapigwa mbao, na wanaobaki wanaishi katikati ya magofu.

Wakazi wa Perry Common walikaa vikao, wakabishana, na mwaka 1994 wakaanzisha chama cha jamii cha Witton Lodge. Waliishawishi halmashauri iwakabidhi ardhi badala ya kuiuza kwa wajenzi. Nyumba mbovu zilibomolewa, mpya zikajengwa, na chama kikabaki na nyumba zake chenyewe za kupangisha. Kodi inayokusanywa haiendi kwa mwanahisa, inarudi mtaani. Baadaye chama hicho kiliingia pia katika ukarabati wa majengo yaliyoachwa, ikiwemo nyumba ya zamani ya mlinzi wa bustani kando ya maziwa ya Witton, iliyokuwa gofu, na sehemu ya bafu za umma za zamani za Erdington.

Tofauti kati ya Perry Common na mitaa mingine mingi haikuwa werevu wa watu wake. Ni kwamba kuna siku halmashauri ilikubali kukabidhi hati.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue mfano wa kufikirika. Nyumba ya vyumba vitatu imekaa tupu miaka minne. Ukarabati wake, yaani paa, nyaya za umeme, boila, bafu, jiko, plasta na kuzuia baridi isipenye, unagharimu pauni 40,000. Mwenyewe hataki kuuza, lakini yuko tayari kukikodishia kikundi cha jamii kwa miaka kumi bila malipo, mradi mwishoni arudishiwe nyumba nzima.

Kikundi kinaipangisha kwa pauni 110 kwa wiki. Kwa mwaka ni pauni 5,720. Toa bima, matengenezo madogo, usimamizi na wiki ambazo nyumba haina mtu, tuseme pauni 2,000. Zinabaki 3,720. Kwa miaka kumi ni 37,200. Kikundi kimefanya kazi miaka kumi na bado kina pengo la pauni 2,800, kabla ya riba ya mkopo.

Sasa weka ruzuku ya pauni 20,000 mwanzoni. Deni linamalizika ndani ya mwaka wa sita, na miaka inayobaki inazaa fedha za kutengeneza nyumba ya pili. Ruzuku ya namna hiyo ndiyo tofauti kati ya kikundi kinachoishi na kinachokufa.

Kodi ya ongezeko la thamani nayo ina mambo yake. Nyumba mpya hujengwa bila kutozwa kodi hiyo, lakini ukarabati wa kawaida hutozwa asilimia 20. Nyumba ikiwa imekaa tupu miaka miwili, kiwango hushuka hadi asilimia 5. Kwenye kazi yetu ya pauni 40,000, hiyo ni tofauti ya pauni 8,000 na 2,000. Kwa hiyo kikundi kinachookoa nyumba mapema, kabla haijaoza, hulipa zaidi ya kinachosubiri. Aliyeitunga sheria hii sijui kama aliwahi kupanda ngazi kuchungulia mfereji.

Serikali iliwahi kuliziba pengo hilo. Kati ya 2012 na 2015, ndani ya fungu la pauni milioni 100 lililotengwa kwa nyumba tupu, kulikuwa na sehemu iliyopelekwa moja kwa moja kwa vikundi vya jamii, bila kuvilazimisha kwanza kusajiliwa kama mashirika makubwa ya nyumba. Vikundi vidogo sehemu mbalimbali za England vilipata fedha kwa mara ya kwanza. Chuo Kikuu cha Birmingham, kupitia watafiti akiwemo Profesa David Mullins, kilifuatilia kwa karibu nyumba hizo za kujitegemea na kuandika juu yake. Mpango ulipofika mwisho 2015 haukuendelezwa.

Matunda yake yanaonekana zaidi kaskazini. Mjini Hull, shirika la Giroscope lilianzishwa katikati ya miaka ya 1980 na vijana waliokuwa na fedha kidogo na muda mwingi; leo lina nyumba zaidi ya 100. Mjini Leeds, Canopy huwatumia watu wasio na makazi na wakimbizi katika kazi za ukarabati, na baadhi yao huhamia kwenye nyumba walizopaka rangi wenyewe. Mashirika hayo mawili yalishinda kwa pamoja tuzo ya kimataifa ya World Habitat ya 2015-16. Mjini Liverpool, wakazi wa mitaa minne ya Granby walipanda maua na kupaka rangi mbao za madirisha kwa miaka, wakaanzisha dhamana ya ardhi ya jamii mwaka 2011, wakakabidhiwa nyumba kumi za Mtaa wa Cairns. Wasanifu waliofanya nao kazi, kikundi cha Assemble, walipata Tuzo ya Turner ya 2015, ambayo kwa desturi ni ya wasanii.

Dhamana ya ardhi ya jamii, kwa msomaji wa pwani, inafanana na wakfu: mali inashikwa kwa manufaa ya mtaa na si rahisi kuuzwa mtu akatajirika. Sheria ya England iliitambua rasmi mwaka 2008.

Anayefika kwanza

Birmingham ina ugumu ambao Hull haina. Ni jiji kubwa, bei iko juu zaidi, na nyumba chakavu ina wateja. Nyumba isiyo na jiko wala bafu linalofanya kazi kwa kawaida haipati mkopo wa benki. Hivyo huishia mnadani. Mnadani mshindi hulipa asilimia 10 siku ileile, na salio kwa kawaida ndani ya siku 28. Kikundi cha majirani hukutana mara moja kwa mwezi katika ukumbi wa kuazima. Kikiwa bado kinajadili kumbukumbu za kikao kilichopita, nyumba imeshakwenda kwa mwenye fedha taslimu.

Na mwenye fedha taslimu amekuwa na sababu nzuri ya kuzitaka. Yako makazi yanayoitwa ya msaada, ambayo mpangishaji wake hudai kuwahudumia watu wenye matatizo, kama waliotoka jela au wanaoacha ulevi, na kwa hiyo husamehewa ukomo wa kawaida wa ruzuku ya kodi ya pango. Nyumba ya familia moja hukatwa vyumba sita au zaidi, na kila chumba hulipiwa na umma kwa kiwango kikubwa. Wapo wanaotoa msaada wa kweli. Wengi walikuwa wakitoa kufuli na godoro. Birmingham ilifikisha nafasi zaidi ya 20,000 za aina hiyo. Kamati ya Bunge iliyochunguza suala hilo ilitoa ripoti kali Oktoba 2022, na mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya kuyasimamia makazi hayo.

Kwa hiyo nyumba tupu ikipata watu si lazima mtaa upone. Swali ni watu gani, kwa kodi gani, na fedha zinakwenda wapi. Hata neno nafuu lina mtego. Tangu 2011, kodi inayoitwa nafuu nchini England inaweza kufika asilimia 80 ya bei ya soko. Kwa familia ya mfanya usafi mwenye watoto watatu hiyo si nafuu. Vikundi vya jamii vingi hutoza chini ya hapo, na ndiyo maana hesabu zao hazifungi bila msaada.

Mwezi Septemba 2023 mambo yalizidi kuwa magumu. Halmashauri ya Birmingham ilitangaza rasmi kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake, wasimamizi wakaletwa na serikali kuu, na mali za jiji zikaanza kuuzwa. Halmashauri inayouza mali ili ilipe madeni haina moyo wa kukabidhi nyumba kwa majirani kwa bei ya chini. Sheria haiizuii moja kwa moja. Kanuni ni kuuza kwa bei bora, lakini kibali cha jumla cha 2003 kinaruhusu punguzo lisilozidi pauni milioni 2 ikiwa mauzo yanaboresha maisha ya eneo husika. Ruhusa ipo kwenye makaratasi. Anayeitumia lazima aweze kumjibu mkaguzi kwa nini aliacha fedha mezani, na katika hali hii maafisa wachache watajitolea.

Waswahili wako wapi katika habari hii?

Wako pande zote mbili za mlango. Wakongo, Warundi, Wasomali wa Barawa na Wabajuni wamo miongoni mwa wanaohangaika na vyumba vya muda, na mtu aliyepewa hifadhi huwa na muda mfupi tu wa kuondoka katika makazi ya waomba hifadhi kabla hajajua hata maana ya barua aliyopewa. Wengi wao walikuwa waashi, maseremala na mafundi bomba makwao. Vyeti vyao havitambuliki hapa, lakini mkono hausahau. Shirika la St Basils la Birmingham, linalohudumia vijana wasio na makazi, lilishirikiana na hospitali za eneo hilo kugeuza mabweni ya wauguzi yasiyotumika, jirani kabisa na jiji, yawe makazi ya vijana wanaojifunza kazi. Kitu kama hicho kwa mafundi wakimbizi hakihitaji kubuniwa upya, Leeds wanakifanya.

Na sisi tunaoandika na kusoma habari hii tusijifanye wageni kwa nyumba tupu. Kigamboni, Kitengela na Mtwapa zimejaa nyumba za watu wa ughaibuni, geti limefungwa, mlinzi yupo, mwenyewe yuko Birmingham akilipa kodi ya chumba.

Anayetaka kujua nyumba iliyofungwa mtaani kwake ni ya nani huko England anaweza kuipata hati kwenye msajili wa ardhi kwa njia ya intaneti. Ada yake ilipanda Desemba 2024 kutoka pauni 3 hadi 7. Halmashauri ya Birmingham ina maofisa wa nyumba tupu wanaopokea taarifa za wakazi, na wao wanaweza kumwandikia mwenyewe barua ambayo jirani hawezi kuiandika. Ukilipa pauni zako saba, usishangae ukikuta jina la mtu aliyefariki zamani. Warithi wake huenda wako Lahore au Kingston, na huenda pia wako Nairobi, Kampala au Unguja, kwa sababu zipo familia zilizofika Birmingham baada ya kufukuzwa Uganda mwaka 1972 ambazo watoto wao wametawanyika tena.

Kama mrithi wa namna hiyo ni wewe, na barua za halmashauri zinakwenda kwenye anwani usiyokaa tena, si lazima uuze. Unaweza kuikodisha nyumba kwa shirika la nyumba au kikundi cha jamii kwa miaka kadhaa, nao wakaitengeneza, wakakatwa gharama kutoka kwenye kodi, kisha wakakurudishia. Pata wakili asome mkataba kabla ya kutia sahihi, na uhakikishe kuna kifungu kinachosema nani analipa paa likivuja mwaka wa nane.